Jiliwa la Baba Haliuzwi kwa Kilo

Na Mwandishi Wetu

Siku chache baada ya arobaini ya marehemu baba yetu, mnunuzi wa chuma chakavu alisimamisha guta lake mbele ya nyumba yetu huko Temeke. Aliitwa na mdogo wangu, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Ua mzima ulikuwa umejaa vyuma vilivyoachwa na mzee aliyefanya kazi katika karakana ya reli tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Yalipakiwa mabomba, yakapakiwa magurudumu ya baiskeli yasiyo na tairi, kikapakiwa kichwa cha injini kilichopasuka. Mwisho wakakokota kutoka chini ya mwembe pande la chuma lililofunikwa na kutu na majani makavu, wakaliinua watu wawili. Lilikuwa jiliwa la baba, chombo ambacho vijana wa gereji hukijua zaidi kwa jina la vaisi. Mnunuzi akalitundika kwenye mizani yake, akataja bei, akaanza kuhesabu noti.

Ndipo mama, ambaye alikuwa amekaa barazani bila ya kusema neno tangu asubuhi, akasema kwamba hilo lishushwe. Hakutoa sababu, wala sisi hatukumwuliza. Likashushwa.

Makala haya yametokana na jiliwa hilo. Nilipoanza kutafuta namna ya kulitengeneza niligundua kwamba wapo watu wengi duniani, mafundi na wasio mafundi, wanaoyatafuta majiliwa ya zamani, wakayafungua, wakayasafisha na kuyarudisha kazini. Wengine huyakusanya kama vile watu wengine wakusanyavyo stempu. Niligundua pia kwamba kila siku, katika miji yetu, vyombo vya namna hiyo hupelekwa kwenye tanuri kuyeyushwa viwe nondo, kwa kuwa aliye navyo hajui ameshika nini.

MKONO WA TATU

Jiliwa ni mkono wa tatu wa fundi. Anayekata chuma kwa msumeno au kukisugua kwa tupa anahitaji mikono yote miwili kwa ajili ya kazi hiyo. Basi ni nani atakayekishika chuma chenyewe kisitikisike? Hiyo ndiyo kazi ya jiliwa. Lina taya mbili. Moja imetulia pamoja na kitako kilichofungwa kwenye meza kwa boliti. Nyingine huenda mbele na kurudi nyuma ikiongozwa na parafujo kubwa inayopita ndani ya nati. Mbele ya parafujo hiyo upo mkono wa chuma, na nguvu ndogo ya mtu kwenye ncha ya mkono huo hugeuka kuwa nguvu kubwa mno katikati ya taya. Kwenye uso wa kila taya hufungwa kipande cha chuma cha pua kilichokomazwa kwa moto na kuchorwa mistari ya kukatana, ili kazi isiteleze.

Kabla ya karne ya 19 kwisha, majiliwa mengi yalikuwa ya mguu: yalifuliwa na wahunzi, na mguu wake mrefu ulisimama sakafuni ili upokee vishindo vya nyundo. Baadaye viwanda vikaanza kuyasubu kwa wingi, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina katika kalibu. Huko Shipley, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza, kampuni ya Parkinson ilipata sifa kwa jiliwa lake lenye nati inayoachia: fundi hubana kikono kidogo tu, akaivuta taya moja kwa moja bila ya kuzungusha parafujo mara nyingi. Katika mji wa Sheffield, kampuni ya C. & J. Hampton iliyoanzishwa mwaka 1898 ilianza kutumia alama ya Record mwaka 1909. Rangi yake ya buluu ikajulikana katika karakana za nchi nyingi. Huko Marekani ilikuwapo Reed katika mji wa Erie, na mwaka 1941 mhamiaji kutoka Chekoslovakia, Hugh Vogl, alianzisha Wilton mjini Chicago. Jiliwa la Wilton lina umbo kama la risasi ya bunduki, kwa sababu parafujo yake imefichwa ndani ya bomba lililojaa grisi, mahali ambapo vumbi la chuma haliingii.

Wakusanyaji huzisoma alama hizo kama sisi tusomavyo cheti cha kuzaliwa. Majiliwa ya kwanza ya Wilton yameandikwa Chicago, na ya baadaye yameandikwa Schiller Park, mahali kiwanda kilipohamia. Chini ya taya yake huwa pamepigwa mhuri wa mwezi na mwaka; katika yale ya zamani tarehe hiyo ilikuwa ya mwisho wa dhamana ya miaka 5, hivyo mtu hana budi kurudi nyuma miaka 5 ili aujue umri wake.

Kwetu Tanganyika, wakati wa utawala wa Waingereza, vifaa vingi vya karakana za serikali na za reli vilitoka kwao. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi zilipofunguliwa katika miaka ya 1950, vijana walianza masomo yao wakiwa wamesimama mbele ya jiliwa, tupa mkononi, wakijifunza kunyoosha uso wa kipande cha chuma mpaka mwalimu aridhike. Baba alijifunza namna hiyo hiyo. Jiliwa lake alilinunua katika mnada wa vifaa vilivyochakaa. Tulipokwangua kutu kidogo kwa brashi ya waya, neno Record likaonekana, na chini yake maneno ya kutangaza kwamba lilitengenezwa Uingereza.

SUBIRA KABLA YA NGUVU

Nililipeleka Gerezani kwa mzee mmoja ambaye ameishi kwa kazi ya vyuma zaidi ya miaka arobaini. Nilidhani atatafuta bomba refu, alitie kwenye mkono wa jiliwa na kulizungusha kwa nguvu. Alikataa katakata. Bomba refu, alinieleza, hupinda mkono, na mkono usipopinda nati iliyo ndani hupasuka. Na nati ndiyo sehemu iliyo ngumu kuliko zote kupatikana dukani.

Badala yake alichanganya dizeli na oili nyepesi, akaimiminia parafujo na nati, akaliacha. Kila jioni aliongeza kidogo na kugonga pole pole kwa nyundo ndogo pande zote, ili mafuta yapenye. Siku ya tano aliyafuta mafuta yote kwa matambara mpaka pakawa pakavu, kwani moto na dizeli havikai pamoja, kisha akaipasha moto sehemu ya nje inayoizunguka nati. Chuma kikipata joto hutanuka, na kutu iliyokuwa ikishika huvunjika. Mkono ukazunguka robo, ukarudi, ukazunguka nusu. Hakuwa na haraka ya kusonga mbele. Kila aliposonga alirudi nyuma kidogo ili hesi zijisafishe. Baada ya saa moja taya ilikuwa mezani, na parafujo kando yake. Hesi zake zilikuwa nzima, nene, za mraba, na ndani ya grisi nyeusi iliyokauka palikuwa pamebaki chembe za shaba kutoka katika kazi fulani ambayo hakuna tena awezaye kututajia.

Vipande vya chuma vya tayani vilisumbua zaidi. Vichwa vya skrubu zake vilikuwa vimejaa kutu. Mzee alizichimbua njia za bisbisi kwa ncha ya msumari, akapasha moto, akachagua bisbisi iliyokaa sawasawa bila ya kulegea. Skrubu tatu zilitoka; ya nne ilikatika, ikabidi itobolewe kwa keekee.

MAGADI NA BETRI

Kuhusu kutu kuna njia ambayo hata mtu asiye fundi anaweza kuitumia nyumbani. Ndoo kubwa ya plastiki hujazwa maji, kisha hutiwa magadi kiasi cha vijiko vichache na kukorogwa. Kipande chenye kutu huning'inizwa ndani ya maji na kuunganishwa na waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12. Waya chanya huunganishwa na bati au nondo kuukuu iliyo ndani ya maji hayo hayo, na vyuma hivyo viwili visigusane kabisa. Umeme ukiwashwa mapovu hupanda, na baada ya usiku mmoja kutu hulegea, ikaondoka kwa brashi bila ya kukila chuma kizima.

Hata hivyo, yako mambo matatu ya kuzingatia. Mapovu hayo yana haidrojeni, gesi ishikayo moto kwa wepesi, kwa hiyo kazi hii ifanywe nje, mbali na jiko na sigara. Chuma kisichoshika kutu, kama cha vijiko na sufuria, kisitumike upande wa chanya, kwa kuwa hutoa sumu kali ndani ya maji. Na chaja izimwe kabla ya mtu kutia mkono. Asiye na chaja aweza kuloweka vipande vidogo katika siki kwa siku moja, kisha avisuuze kwa maji ya magadi, avikaushe upesi na kuvipaka mafuta.

Wazazi waangalie pia rangi. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili na mwili wa mtoto. Rangi kuukuu isikwanguliwe kavu kwa msasa uani wanapocheza watoto. Iloweshwe kwanza, na mabaki yake yakusanywe.

ALAMA YA SHABA

Kutu ilipoondoka ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Chini ya taya isiyosogea, kutoka ukingo mmoja hadi katikati, ulionekana mstari wa rangi ya dhahabu. Jiliwa lilikuwa limepata kupasuka, na mtu alikuwa ameliziba kwa shaba.

Nilimwomba mzee ausage mstari huo kwa jiwe la kusagia, aupake rangi ya buluu, ili jiliwa lionekane jipya. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama nilikuwa najua kazi iliyokuwa pale. Chuma cha kusubu, alifafanua, si kama nondo. Kina kaboni nyingi ndani yake, hivyo ni kigumu lakini hukatika kama kigae. Anayekichomelea kwa pupa hukipasha moto mahali pamoja, na kinapopoa hupasuka tena kando ya kiungo chenyewe. Ni lazima kipashwe moto chote, taratibu, kizibwe kwa shaba kikiwa na joto, kisha kizikwe ndani ya majivu kipoe polepole kwa siku nzima. Aliyeziba ufa huu, alisema, hakuharakisha. Akaniambia kwamba yeye hataigusa kazi hiyo.

Jioni nilimweleza mama. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ufa ule aliufanya kijana wa jirani aliyeazima jiliwa na kulipiga kwa nyundo ya mawe. Baba hakugombana naye. Alichimba shimo uani, akajaza mkaa, na mama ndiye aliyekaa akipepea moto ule mpaka usiku mkubwa, huku akiwa na mimba ya mdogo wangu. Kwa siku nzima iliyofuata hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa majivu. Hiyo ndiyo sababu ambayo hakuitaja siku ya guta.

KABLA YA KUNUNUA AU KUUZA

Msomaji aonaye jiliwa kuukuu mnadani au katika lundo la vyuma, na alizungushe parafujo mpaka mwisho, kwenda na kurudi. Atazame kama taya zinakutana sawasawa, na kama taya isogeayo inacheza mno. Apige tochi penye shina la taya na kwenye masikio ya boliti, ambako nyufa hupenda kujificha. Kutu ya juu isimtishe. Ufa usiozibwa na nati iliyokwisha ndivyo vimtishe. Si kila cha zamani ni bora, wala si kila kipya ni kibovu. Lakini jiliwa zuri la zamani hufunguka lote kwa bisbisi na spana, na kila kilichomo chaweza kusafishwa au kutengenezwa upya.

Akilifunga, taya isiyosogea itokeze kidogo nje ya ukingo wa meza, ili chuma kirefu kiweze kuning'inia wima. Lisimame karibu na mguu wa meza, na juu yake pawe sawa na kiwiko cha mtumiaji. Taya na parafujo zipakwe mafuta, zisipakwe rangi.

Sitamficha msomaji kwamba malipo ya fundi yalizidi mara kadhaa fedha ambazo mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa akizihesabu. Mwenye kutazama kilo peke yake atasema tumepata hasara. Lakini mizani ile haikuwa na mahali pa kupimia usiku wa mkaa na majivu, wala ujuzi ulioziba ufa ule.

Jiliwa sasa limefungwa katika kibanda cha mdogo wangu, yule yule aliyemwita mnunuzi, ambaye hutengeneza bajaji. Mstari wa shaba uko wazi, haukupakwa rangi. Vijana wanaojifunza kwake huuliza ni nini, naye huwaeleza, kisha huwakataza kupiga nyundo hapo.