Kichupa Ndani ya Kasha

Nilikuwa nimekwenda Tanga kwa shughuli isiyohusu dini hata kidogo, nilipokaribishwa kahawa nyumbani kwa mchungaji mmoja mstaafu wa Kilutheri katika mitaa ya Ngamiani, na jua lilipokwisha kuzama mzee huyo akaingia chumbani, akarudi amebeba kasha la mninga lililolegea bawaba, akaliweka mkekani baina yetu kwa taratibu ya mtu awekaye amana ya watu.

Ndani yake mlikuwa na vitambaa vilivyokunjwa, pakiti za chumvi, bangili za mpira na stika zenye sura za wahubiri. Na chini ya hivyo vyote, kimefungwa katika pindo la kanga iliyopauka, kichupa kisichozidi urefu wa kidole cha kati. Nilikishika. Kifuniko chake kilikuwa kimechujuka rangi kwa kushikwashikwa, na picha ya mhubiri iliyobandikwa ubavuni imefutika hata yakabaki meno ya tabasamu peke yake. Mafuta yenyewe yalikuwa robo tu. Nilipofungua nikanusa, harufu ilikuwa ile ile ya jikoni kwetu.

“Ni ya alizeti, mwanangu,” akasema. “Na aliyeniletea alijua toka siku ya kwanza kuwa ni ya alizeti.”

Mwenyewe ni mama mwenye duka la vitenge, ambaye kwa muda wa miaka miwili hakufungua mlango wake asubuhi pasipo kutia tone moja kizingitini, na biashara yake, hili mchungaji alilikariri mara mbili, ilistawi kweli. Siku moja akafika dukani, akapapasa pindo la kanga, akakuta amekisahau nyumbani. Wateja wanamngoja barazani, naye akageuka, akapanda bodaboda kwenda kukifuata. Njiani akatanabahi kwamba tangu aamke hakuwa amesali, wala jana yake, wala hakumbuki lini mara ya mwisho, kwa kuwa moyoni mwake mafuta yalikuwa yakimsalia. Hakukipeleka kichupa kwa mchungaji kwa sababu kimeshindwa. Alikipeleka kwa sababu alimaizi kuwa anaogopa kukipoteza kuliko anavyomwogopa Mungu.

Msomaji hana haja ya kusimuliwa upya yaliyotokea Moshi tarehe 1 Februari 2020, walipokufa watu 20 katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyomwagwa uwanjani. Wala foleni za magari za mwaka 2011 kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Nilipolitaja jina la Ambilikile Mwasapila, aliyekitoa kikombe hicho, aliyekuwa naye mchungaji mstaafu wa Kilutheri, mwenyeji wangu alinyamaza kitambo kirefu. “Yule alikuwa mwenzetu,” akasema, na hakuongeza neno.

Alichopenda kukieleza ni habari ya nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu mwenyewe, na walioumwa wakamtazama wakapona. Lakini karne nyingi baadaye mfalme Hezekia akawakuta watu wanamfukizia uvumba, akamvunja vipande vipande, akamwita Nehushtani, maana yake kipande cha shaba tu. Mzee alishikilia kwamba hatari kubwa haitoki katika sanamu ya mgeni, ambayo Mkristo huitambua toka mbali, bali katika kitu chema kilichowahi kutusaidia, tukakitunza kwa taadhima hata kikachukua nafasi ya aliyekileta. Kwa hiyo kila anayemjia na kitu mkononi humwuliza swali moja: “Kikipotea usiku huu, utalala?”

Wala hakujitoa katika hukumu hiyo. Alinionyesha Biblia yake ya zamani, jalada lake limeng'aa kwa jasho, akaungama kwamba mwanawe alipougua homa aliilaza chini ya mto wa mtoto siku saba pasipo kuifungua hata ukurasa mmoja. “Ilikuwa hirizi,” akasema. “Hirizi yenye Injili ndani.” Sijapata kumsikia mchungaji mwingine akisema hivyo, na nilimstahi zaidi kwa hilo.

Nikamkumbusha leso zilizotoka mwilini mwa Paulo, ambazo Matendo ya Mitume yasimulia kuwa wagonjwa waliponywa kwazo, na waraka wa Yakobo unaoagiza wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta. Je, mpaka uko wapi? Alikubali kuwa hajui kuuchora. Ndiyo maana, alisema, havunji vitu hivyo mbele ya watu kama Hezekia, maana huenda kwa kukivunja kichupa kwa kishindo akamthibitishia mwenyewe kuwa kweli kina nguvu. Wala havitupi, kwa kuwa mwingine atakuja akaokota. Anavihifadhi tu. Kwamba kuhifadhi nako kwaweza kuwa heshima ya namna yake, hilo nililiwaza nilipomwona akikirudisha kichupa katika pindo la kanga na kukifunga fundo kwa uangalifu, lakini sikuthubutu kulisema.

Kesho yake nilipita kwenye lile duka. Hufunguliwa saa mbili, baada ya sala fupi ambayo mama huisema amesimama, ufunguo mkononi. Aliniambia kwamba tangu aache mafuta mauzo yamepungua kidogo, na kwamba usiku analala.