Saratani imetibiwa, joto limebaki: usiache vidonge, omba msaada

Kianjokoma ni baridi. Soko hili la Embu liko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katikati ya mashamba ya chai na kahawa, na mwezi wa Julai hakuna anayetoka nje bila sweta. Hata hivyo, mama aliyetibiwa saratani ya matiti huweza kuamka usiku ameloa jasho, akatupa blanketi, na muda mfupi baadaye akawa anatetemeka.

Joto hilo lina sababu. Kemo huweza kusimamisha kazi ya ovari kabla ya wakati, nayo tamoksifeni, kidonge anachomeza baada ya matibabu, huzuia homoni ya estrojeni isichochee saratani. Estrojeni ikikosa nguvu, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili hushtushwa na badiliko dogo tu, na jasho likaanza kumwagika.

Wanawake wengine hutulizwa kwa homoni. Aliyeugua saratani ya matiti kwa kawaida hapewi: nchini Sweden, utafiti uitwao HABITS ulisimamishwa mwaka 2003 ilipoonekana kuwa saratani iliwarudia zaidi waliotumia homoni.

Hatari kubwa ni mama kuchoka na kuacha vidonge kimyakimya. Kwa saratani inayochochewa na estrojeni, tamoksifeni ikimezwa miaka 5 hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja. Hilo ni jambo la kupigania, na msaada usio wa homoni upo.

Venlafaksini, dawa ya sonona, ilijaribiwa Marekani. Mwaka 2000 watafiti waliripoti kuwa miligramu 75 kwa siku zilipunguza joto kwa asilimia 61, dhidi ya 27 kwa vidonge visivyo na dawa. Gabapentini, inayotumika kwa kifafa na maumivu ya neva, huwafaa hasa wanaosumbuliwa usiku, kwa sababu huleta usingizi. Lakini usijinunulie dukani: paroksetini na fluoksetini, nazo za sonona, huweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni.

Ipo pia njia isiyo na kidonge. Huko London, utafiti wa mwaka 2012 uliwakutanisha wanawake katika vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 6, wakifundishwa kupumua taratibu na kuyakabili mawazo ya hofu na aibu. Joto halikukoma, ila usumbufu wake ulipungua kuliko awali. Kwa akina mama waliozoea chama, mkutano wa namna hiyo si mgeni.

Nguo nyepesi za pamba zinazovuliwa moja moja huleta nafuu. Mitishamba na vidonge vya soya, mwonyeshe daktari kwanza.

Kwenye kliniki, mama aseme wazi: joto huja mara ngapi, na amelala kwa saa ngapi. Naye daktari amuulize kila anaporudi, bila kungoja alalamike, kwani mgonjwa asiyelala hawezi kuvumilia dawa ya miaka 5.