Mvua ya Mua Si Mvua ya Masinga

Mwishoni mwa Agosti, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba. Redio za Kikamba huusoma, chifu huutaja barazani, na wiki mbili baadaye umeshafupishwa sokoni Machakos ukawa kauli moja: "Wamesema mvua hakuna," ama "Wamesema ni El Niño." Mara nyingi idara haikusema hivyo.

Ilichotoa ni uwezekano. Wataalamu huchukua rekodi za miaka 30, wakaipanga miaka hiyo kuanzia ule wa mvua haba hadi ule wa mvua tele, kisha wakaigawa mafungu matatu ya miaka kumi kumi: chini ya wastani, karibu na wastani na juu ya wastani. Kama hawana fununu yoyote, kila fungu hupata takriban asilimia 33. Dalili za bahari na upepo ndizo zinazosogeza tarakimu hizo huku na huku. Tuseme Machakos imepewa 45 kwa mvua pungufu, 35 kwa wastani na 20 kwa mvua nyingi. Anayesikia kwa haraka ataondoka akijua mwaka ni wa njaa. Lakini 35 na 20 ni 55. Ukitolewa utabiri wa namna hiyo mara kumi, misimu mitano au sita haitaangukia fungu la ukame, na bado hakuna aliyedanganya.

Kwa jambo hili Ukambani ina bahati ambayo haisemwi vya kutosha. Vuli ndiyo mvua inayotegemewa zaidi huku, kuliko masika ya Machi hadi Mei, na vuli ndiyo inayotabirika zaidi pia. Inafuata hali ya Bahari ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi, na bahari hazibadiliki kwa siku mbili. Maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, unyevu mwingi husukumwa Afrika Mashariki. Masika hayana kamba ya wazi namna hiyo ya kushika, ndiyo maana utabiri wa Machi unastahili kusikilizwa kwa tahadhari zaidi.

Tatizo ni kwamba jina El Niño, yaani kupata joto kwa maji ya Pasifiki, limeimeza habari yote. Vuli ya 2019 ilileta mafuriko sehemu nyingi za Kenya bila El Niño yenye nguvu; kazi kubwa ilifanywa na Bahari ya Hindi. Mwaka 2023 ulikuwa kinyume cha mambo: idara ilitangaza El Niño, kisha Oktoba Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba haitakuja, mvua itakuwa kubwa lakini si ya kuharibu. Novemba mafuriko yakaua watu zaidi ya 100 nchini. Mjadala ulikuwa juu ya jina, na maji hayakusubiri uishe.

Halafu kuna ramani. Idara huigawa nchi katika kanda chache, na Machakos imewekwa katika nyanda za chini za kusini-mashariki, pamoja na Kitui, Makueni, Kajiado na Taita-Taveta. Ndani ya kaunti hiyohiyo ya Machakos, mtu wa Mua Hills, anayelima plamu karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kuvaa sweta Julai nzima, anasomewa utabiri mmoja na mtu wa Masinga aliye mita 1,000 na ushei. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua nyuzi sita hivi, na hewa yenye unyevu ikilazimishwa kupanda mlima hupoa na kumwaga mvua upande unaokabili upepo. Programu za simu nazo hazisaidii sana hapo. Nyingi huchota kwenye mifumo ya kimataifa inayoigawa dunia katika miraba ya kilomita tisa, au hata zaidi ya ishirini, kila upande. Vilima vya Iveti vikiingia katika mraba kama huo hulainishwa, vikabaki mwinuko tu.

Ila hata utabiri ukilenga sawasawa, jumla ya msimu haipandi mahindi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Milimita 300 zilizogawanyika vizuri kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Desemba zinatosha mahindi ya Katumani, mbegu inayokomaa mapema iliyotolewa na kituo cha utafiti kilicho nje kidogo ya mji wa Machakos. Milimita hizohizo zikishuka kwa dhoruba nne, na wiki tatu kavu katikati, zitaishia mto Athi. Kwenye takwimu msimu huo utaandikwa "karibu na wastani." Kwa hiyo vifungu vya kutafuta katika taarifa ya Agosti ni vile visivyosomwa redioni: mvua inatarajiwa kuanza wiki gani, itakoma lini, itasambaa vipi.

Baada ya hapo, utabiri wa wiki ndio wenye kazi. Kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa, na taarifa zake ni za karibu kuliko za Nairobi. Wakulima wengi wa hapa hupanda mapema kwenye udongo mkavu, na wana sababu: mvua za kwanza huachilia nitrojeni udongoni, na mbegu iliyokwisha kuwamo ndiyo inayoifaidi. Hatari ni manyunyu ya mapema Oktoba yanayoiotesha mbegu kisha yakapotea siku kumi. Taarifa ya wiki ikionyesha ukavu baada ya manyunyu, ni busara kubakiza sehemu ya mbegu ghalani. Mapengo yakijitokeza Novemba, kuyajaza kwa mahindi ni kuchelewa. Ndengu, inayokomaa kwa takriban siku 65, bado ina nafasi.