Gesi ya mimea ya tangini: Hamira au mtungi?

Anayefuga samaki wa mapambo Kathonzweni, Makueni, katika tangi lenye mimea, anaweza kuipa mimea hiyo kaboni dioksidi kwa sukari, hamira na maji vuguvugu ndani ya chupa yenye mrija. Ni rahisi, ila chupa hiyo haizimiki, ukiiziba, hupasuka. Usiku mimea huacha kutumia gesi hiyo na yenyewe huanza kuitoa. Ikizidi majini, samaki hutweta na hata kufa. Joto la Ukambani, aidha, huchachua hamira upesi.

Mtungi wa gesi iliyoshindiliwa (Kenya huichimba ardhini Kereita, Kiambu) ni ghali, lakini hufungwa giza linapoingia. Kwa mimea isiyodai mwangaza mwingi, vyote viwili si lazima.