Kusoma si Kuhifadhi: Maneno kwa Wazazi na Walimu wa Chuoni



Yuko mtoto mmoja nimfundishaye ambaye kwa muda wa miezi minane nilimhesabu katika wale wasomao vizuri. Sauti yake ni nzuri, hasitisiti, na babake kila ajapo kumchukua husimama mlangoni akamsikiliza kwa furaha. Siku moja alikuwa akinisomea Suratul-Fil, nami nikaona kidole chake kimekwisha fika mwisho wa mstari, ilhali ulimi wake ungali katikati. Nikamsimamisha. Nikaweka kidole changu juu ya neno moja tu, nikamwambia, "Hapa pasemaje?" Akanyamaza. Nikamwonyesha herufi moja peke yake, hakuitambua. Kumbe miezi yote ile mtoto alikuwa hasomi; alikuwa akikumbuka.

Nakiri mbele yenu kwamba kosa lilikuwa langu. Na lililonisikitisha zaidi ni kuwa katika miaka iliyopita wengine wa hali kama yake nimewachapa kwa bakora, nikiwadhania kuwa ni wavivu, nao hawakuwa wavivu bali hawakufundishwa.

Binti yangu ni mwalimu wa skuli ya msingi, naye ndiye aliyenifasiria yale waliyoyaona wataalamu waliochunguza jinsi watoto wajifunzavyo kusoma. Mwaka 2000 huko Marekani jopo la wataalamu lilizipima chunguzi nyingi, likaona kuwa mtoto mdogo husaidika sana afundishwapo kwa utaratibu kwamba herufi hii ni sauti hii, kisha akafundishwa kuziunganisha sauti hizo mpaka zikawa neno. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenziwe walitoa habari za watoto wa lugha 13 za Ulaya. Baada ya mwaka wa kwanza wa skuli, watoto wa Finland waliyasoma sawasawa maneno 98 katika kila 100 ya yale wayajuayo. Watoto wa Scotland, wasomao Kiingereza, walipata 34 tu. Tofauti hii si ya akili. Kifini huandikwa kama kitamkwavyo, ama Kiingereza huandikwa hivi na kutamkwa vile.

Basi tazameni neema tuliyo nayo. Kiswahili chetu kimo upande huo wa Kifini, na Msahafu uliotiwa irabu kamili nao hausomeki kwa kubahatisha. Mtoto wetu njia yake ni fupi. Hata hivyo, Uwezo walipowapima watoto wa Tanzania mwaka 2010, katika watoto kumi wa darasa la tatu ni kiasi cha watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Lugha ni yao wenyewe na herufi ni nyepesi. Hapana budi ufundishaji nao utazamwe.

Huenda mtu akasema kuwa mimi naidharau hifdhi. Hasha! Hifdhi ni ibada, nami nimeishi nayo tangu utoto. Lakini Daniel Wagner na wenziwe waliwachunguza watoto wa Morocco waliotangulia kusoma vyuoni, wakaona kuwa chuo kiliwatia nguvu katika kukumbuka vitu kwa mpango wake, kimoja baada ya kimoja, wala hakikuwazidishia mambo mengine ya akili waliyoyapima. Tena waliona kuwa watoto wa Kiberberi, wasiojua Kiarabu nyumbani, walipofika mwaka wa tano walikuwa karibu sawa na wenzao Waarabu katika kukisoma. Ugeni wa lugha, basi, haukuwa kizuizi cha daima.

Nami nimebadili mwendo wangu. Saa ya hifdhi nimeitenga: mtoto husikia, hufuata, huhifadhi. Saa ya kusoma ni nyingine, na humo simpi mtoto asilani sura aliyokwisha kuihifadhi, kwani ulimi utamtangulia jicho.

Tena nimeacha kukawia katika kuendeleza. Sisi tulifundishwa "be fataha ba, te fataha ta", na mtoto afikapo mwisho wa neno amekwisha sahau mwanzo wake. Huko Indonesia, mjini Yogyakarta, marehemu As'ad Humam alitunga vitabu sita vidogo viitwavyo Iqro', ambamo mtoto huonyeshwa herufi pamoja na irabu yake akatamka "ba" papo hapo, bila ya kutaja majina. Vitabu hivyo vimeenea mpaka Malaysia. Majina ya herufi hayapotei, hujifunza baadaye.

Kabla ya ubao huchezesha kinyume, mchezo wetu wa zamani wa pwani. Nasema "kitabu", wao hujibu "bukita". Nasema "nyumba", hujibu "mbanyu". Wazee wetu hawakuuita elimu, lakini mtoto awezaye kulikata neno kwa sikio na kulipindua hana taabu ya kuelewa kwamba herufi ni vipande vya sauti. Asiyeweza, huyo ndiye wa kukaa naye mbele.

Kisha huandika ubaoni kwa herufi za Kiarabu maneno ya Kiswahili: baba, bibi, dada, bata. Yule mtoto wangu alikaa na neno la mwisho kitambo kirefu, "ba... ta... ba-ta", kisha akaruka: "Bata! Maalim, ni bata!" Alikuwa hajapata kuona kuwa alama zile husema kitu.

Wazazi nawaomba jambo dogo, dakika kumi kila siku baada ya Magharibi. Mwambie mwanao akusomee, nawe tazama kidole chake kuliko kusikiliza sauti yake. Hata mama asiyejua herufi aweza kumpima: atafute neno lililoandikwa sawasawa mahali pawili katika ukurasa, amwonyeshe moja, kisha baadaye jingine. Akitamka maneno mawili mbalimbali, anabahatisha. Wala asimkemee, na amweleze mwalimu.

Ama babake mtoto yule hajaridhika. Alikuja juzi akamsikia mwanawe akisoma polepole, herufi kwa herufi, sura ambayo hapo kwanza alikuwa akiimaliza kwa pumzi moja, akaniuliza mbona mtoto amerudi nyuma, na kama haifai ampeleke chuo kingine. Nimemwomba aniachie mpaka Shaabani.