Landrover 109 ya kupanda mawe: anza na ekseli, injini baadaye

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni, tuongee magari.

Najua wengi mkikaa kafe mnaangalia video za Wamarekani wakipandisha magari kwenye miamba mpaka unashika kichwa. Kule Johnson Valley, California, tangu 2007 kuna mashindano yanaitwa King of the Hammers, na gari moja la pale ni pesa ya kujengea nyumba huku. Kwetu gari la kupanda mawe si mchezo, ni kazi. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, ilibidi MV Liemba ndiyo iwalete mjini, maana kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa na barabara ya maana haikuwepo. Na hata huku kwingine, ukiacha lami tu masika utaona.

Gari la maskini kwa kazi hiyo ni lile lile la babu: Landrover 109. Hiyo 109 ni inchi kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985, na mpaka leo vijana wananunua mkweche na kuufufua. Tatizo ni moja: kila mtu anakimbilia injini kwanza. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Mjomba wangu alitoa injini ya zamani akaweka ya Toyota. Tukafurahi kweli! Siku moja tunapanda kilima upande wa Kalinzi, nyuma kuna magunia ya dagaa, madumu na watu wanne. Mjomba akasema nguvu ipo, hakuna haja ya gia ya low. Akaachia klachi kwa hasira. TAAA! Hafu shafti ya nyuma imekatika. Gari likaanza kurudi. Breki ya mguu ilikuwa ya kupampu, mjomba akavuta hendibreki, hamna kitu. Kilichotuokoa ni utingo aliyeruka na kigingi chake. Dumu moja la mawese lilimwagika, watu wazima. Tuliobaki tulikaa kimya kama msibani.

Kwa nini hendibreki haikushika? Hapa ndipo wengi hawajui. Hendibreki ya 109 haishiki tairi. Inashika propela ya nyuma, kwenye ngoma iliyo nyuma ya giaboksi. Hafu shafti ikikatika, propela inaweza kushikwa vizuri kabisa huku tairi zinazunguka zinavyotaka. Kama 4x4 imeingia, ekseli ya mbele inasaidia kuzuia. Sisi tulikuwa tunavuta kwa nyuma tu.

Kwa hiyo, kwa mtu mwenye pesa ya mawazo, mpango uwe hivi:

1. CHASISI NA BREKI. Bodi ya Landrover ni aluminiamu, haioti kutu kirahisi, inakudanganya. Chasisi ni chuma. Gari lililobeba samaki na chumvi ya Uvinza huliwa kwa ndani. Lala chini, gonga na nyundo ndogo. Mlio ukiwa mzito kama wa boksi, au nyundo ikizama, hapo panahitaji kukatwa na kuchomelewa upya. Breki zishike zote nne bila kupampu.

2. EKSELI. Tafuta ekseli ya nyuma aina ya Salisbury, ni nene na hafu shafti zake ni ngumu zaidi. Utaijua kwa mfuniko wa nyuma unaofunguka kwa bolti. Ile ya Rover ya kawaida haifunguki nyuma. Hesabu za difu ya mbele na nyuma LAZIMA zilingane, vinginevyo 4x4 ikiingia zinapigana. Kupima: inua tairi moja, gia iwe huru, lile lingine likae chini. Zungusha lililo juu mara mbili kamili, uhesabu propela. Ya 109 ni kama mara 4.7. Pia vuta mpira wa kupumulia wa ekseli uupandishe juu, ukivuka mto maji yasiingie. Ukifungua oili ukaikuta kama chai ya maziwa, ujue umeshachelewa.

Kuhusu kuchomelea difu ili tairi zote mbili zivute pamoja: kwenye tope inasaidia, lakini kwenye lami gari linakataa kona na hafu shafti zinateseka. Gari la kubeba watu usifanye.

3. LOW. Hii ni nguvu ya bure, ipo tayari kwenye gari. Gia namba moja ya kawaida, injini inazunguka kama mara 20 tairi likizunguka mara moja. Kwenye low ni kama mara 40, na 4x4 inaingia yenyewe. Gari linatambaa taratibu kama mtu anayetembea, huchezi na klachi, na mzigo unagawanyika ekseli mbili. Ndiyo siri ya kupanda mawe. Kwenye lami kavu toa.

4. INJINI SASA. Dizeli ya kiwandani ya 2.25 inatoa nguvu farasi 62 hivi. Toyota 3L au Isuzu 4JB1, zote 2.8, zinatosha kabisa na hazina kompyuta. Usikimbilie 1HZ ya silinda 6, giaboksi ya 109 haitakuvumilia. Bamba la kuunganisha injini na giaboksi lichongwe na fundi wa mashine anayepima, si kwa macho. Likipishana kidogo tu unakula klachi na bearing. Angalia sampu isigonge difu ya mbele springi zikibonyea. Na kumbuka kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo ukibadilisha nenda TRA wabadilishe kumbukumbu, usisubiri trafiki akuulize.

Mfano tunao bandarini. Liemba iliungwa hapa Kigoma na kuingia majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, lakini kwanza injini wakazipaka grisi. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927, na miaka ya 1970 mvuke ukatolewa ikawekwa dizeli. Hiyo dizeli isingekuwa na maana kama mwili wa meli ungekuwa umeoza.

Mjomba sasa ana Salisbury, na kilima kile kile anapanda na low, taratibu, utingo anasinzia. Kama hafu shafti imekatika porini: weka vigingi kwanza, toa vipande, ingiza 4x4 urudi nyumbani na tairi za mbele.

Mafundi wa Ujiji na Mwanga, nilipokosea nirekebisheni hapo chini. Naomba kuwakilisha.