Aina 13 za mizabibu mu shamba moja: familia Perrin na divai ya Beaucastel

Nianze na kusema ukweli: hii divai sijaionja. Chupa moja inauzwa makumi ya dola, na sisi wote tunajua hizo dola ziko na kazi gani nyumbani mbele ya mtu kuwaza divai. Lakini mu agronomi unaweza kusoma shamba bila kunywa mavuno yake, na hii shamba niliisoma sana wakati nilikuwa natafuta jibu kwa swali moja ya kwetu. Nitafika ku ile swali.

Shamba inaitwa Château de Beaucastel. Iko kusini ya Ufaransa, ku Courthézon, upande wa kaskazini wa eneo la Châteauneuf-du-Pape, karibu na mto Rhône. Ile neno « Pape » si mapambo: mu karne ya 14 Mapapa walikaa Avignon, na Yohane XXII njo alijengesha ngome pale kijijini. Mu 1549 mtu anaitwa Pierre de Beaucastel alinunua pale ghala pamoja na kipande cha udongo. Jina likabaki, wenye shamba wakabadilika.

Kisha ikakuja filoksera. Hapa tusimame kidogo, juu kila mwanafunzi wa agronomi angepaswa kujua hii hadithi. Ni kadudu kadogo sana ka jamii ya vidukari, kalitoka Marekani kwa miche ya mizabibu, na kananyonya mizizi. Mu miaka ya 1860 mizabibu ikaanza kufa upande ule mwingine wa Rhône, hakuna aliyejua sababu. Bantu walikuwa wanang'oa ile miti imekwisha kufa na hawaoni kitu, kwa sababu kadudu kanahama mti ukikufa. Mu 1868 Planchon, profesa wa Montpellier, na wenzake wakachimba mizizi ya miti ingali hai. Njo wakakakuta, mamia kwa mamia.

Dawa haikutoka mu chupa. Mizabibu ya Marekani ilikuwa imezoea ule mdudu, basi wakapandikiza: chini mzizi wa Marekani, juu mzabibu wa Ufaransa. Sawa vile tunafanya na avoka mu pepinyeri, chini mti wenye nguvu, juu ile yenye matunda mazuri. Mpaka leo sehemu kubwa kabisa ya mizabibu ya Ulaya inasimama juu ya mizizi ya Marekani.

Familia ya leo iliingia mu 1909, Pierre Tramier aliponunua Beaucastel. Akaachia mkwe wake Pierre Perrin, naye akaachia mtoto wake Jacques. Huyu Jacques njo ananipendeza zaidi. Mu 1950, wakati wakulima wengi walikuwa wanakimbilia mbolea na dawa za kiwandani, yeye aliziacha. Mu 1974 wakaingia mu biodinami. (Biodinami iko na mambo kama kufuata mwezi, na mimi bado nangojea mtu anionyeshe matokeo. Lakini kompost na udongo wenye uhai, hiyo haina mabishano.)

Jambo la pili ni aina. Sheria ya Châteauneuf-du-Pape inaruhusu aina 13 za zabibu. Wengi wanategemea paka Grenache, kwa sababu inazaa vizuri na inaleta sukari. Familia Perrin walipanda zote 13, na wakaipa Mourvèdre nafasi kubwa. Mourvèdre ni mgumu: unachelewa kuiva, unataka joto, lakini unaipa divai mifupa na maisha marefu. Syrah inaleta rangi, Counoise inaleta ubichi. Kila aina inavunwa kwa siku yake, inachachushwa peke yake, halafu njo wanachanganya. Mwaka jua linaharibu moja, zingine zinabeba mzigo. Jacques alikufa mu 1978, na kuanzia mavuno ya 1989 watoto wake Jean-Pierre na François wakatoa divai ya kumheshimu, « Hommage à Jacques Perrin », yenye Mourvèdre mingi. Haitoki kila mwaka, paka ile miaka mizuri.

Sasa bei inatoka wapi? Si mu zabibu peke yake. Mbele ya vita ya pili, wakulima wa pale walichoka na wafanyabiashara waliokuwa wanabandika jina la kijiji chao ku divai yoyote. Kuanzia 1923, mwanasheria mmoja mwenye shamba, Baron Le Roy, akawaongoza kujiwekea sheria: mipaka, aina, kiasi cha alkoli. Mu 1936 serikali ikalinda ile jina. Leo mavuno hayawezi kupita kama litri 3500 kwa hektari moja, na lazima kuvuna kwa mikono. Yaani walijikatia wenyewe kiasi, na mlango ukafungwa kwa waongo. Kahawa yetu ya Kivu imeuzwa miaka mingapi kwa jina la nchi ingine?

Nirudi ku swali. Baba alituachia hektari moja na nusu, sisi watoto sita. Ilikuwa migomba karibu yote, mpaka mnyauko wa bakteria ulipopita, na mu misimu miwili tulibaki na majani makavu. Leo yaya anataka tugawe vipande sita, kila mtu auze chake. Ufaransa pia sheria inawapa watoto sehemu sawa, lakini familia nyingi za mizabibu zinaunda sosiete: watoto wanagawana hisa, udongo haukatwi. Mu kikao cha familia nitaleta hiyo pendekezo, na karatasi ya mpango: kahawa, avoka ya kupandikiza, maharagwe katikati, migomba kidogo kwa miche safi.

Mama nilimwonyesha karatasi mbele. Akasoma yote, akaniuliza paka kitu kimoja: « Na nani kati yenu atabaki huku kulima? » Sijamjibu bado.